Ndugu Wawili wa Maralal na Siri ya Presha

Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, kabla magari hayajaanza kusongamana. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu anayesomea uuguzi, na mwanamume mmoja mrefu aliyeketi kati yetu, mkono wake wa kulia umelala mapajani kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine.

Katika ploti yetu ya Eastlands sote tulimwita Morani. Jina hilo alilipata siku ya kwanza alipokuja kulinda lango, miaka ishirini na mmoja iliyopita, akiwa kijana mwembamba mwenye shuka jekundu na rungu. Umorani aliuacha zamani, akaoa, akapata watoto na kuhesabiwa miongoni mwa wazee wa kwao. Hata hivyo, jina lilikataa kumtoka.

Miezi miwili kabla ya safari hiyo, mtoto wa jirani aliyekuwa akienda shule alimkuta ameanguka kando ya lango. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja na maneno hayatoki. Wapo waliosema amerogwa na wapo waliosema ni baridi ya usiku. Hospitalini tuliambiwa ni kiharusi, na kwamba shinikizo lake la damu, yaani presha kama wengi wetu tunavyoiita, lilikuwa 210 kwa 120.

Kumbe miaka mitatu nyuma Morani aliwahi kupimwa katika kambi ya matibabu ya bure. Aliambiwa presha iko juu, akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Vilipokwisha alijiona mzima, na pesa za kununua vingine akazituma nyumbani kwa karo ya watoto. Alifanya kama wengi wetu tufanyavyo.

Alipotoka hospitalini aliomba jambo moja tu, kupelekwa kwao Maralal. Wapangaji tulichanga kila mtu kwa uwezo wake, na kwa kuwa mimi ni mwalimu na shule zilikuwa zimefungwa, nikachaguliwa kumsindikiza. Binti yangu akajitolea kuja ili aangalie vidonge, akatia mashine ya kupimia presha mkobani.

Ninakiri, msomaji, kwamba nilipanda gari lile na swali lililonikereketa. Tangu utotoni nilisikia kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri, watu wa suti na vitambi. Vipi basi imwangushe Msamburu aliyelelewa kwa maziwa, aliyekuwa akitembea kutwa nyuma ya ng'ombe?

CHUMVI NYAHURURU

Kutoka Gilgil tulifuata barabara ya Ol Kalou hadi Nyahururu, mji ulio karibu na mstari wa ikweta, maarufu kwa maporomoko ya Thomson yanayoanguka mita 74. Hewa ilikuwa baridi na abiria walishuka kutafuta chochote cha kutia tumboni. Tuliingia kwenye hoteli moja ndogo tukaagiza chai, na mimi nikaongeza sahani mbili za chipsi.

Kabla hajaonja, Morani alinyoosha mkono wake mzima, akachukua kikopo cha chumvi na kuanza kukitikisa. Binti yangu alimshika mkono kwa upole.

"Baba, hiyo hapana," akasema.

Morani alicheka kwa upande mmoja wa uso. Maneno yalimtoka polepole, moja baada ya jingine. "Mbona Mwalimu ametia?"

Nilitazama sahani yangu. Kweli, chipsi zangu zilikuwa zimeshapakwa weupe, wala sikumbuki nilitia saa ngapi. Mkono ulikuwa umefanya kazi wenyewe, bila kuniuliza. Nikageuka kutazama meza nyingine. Karibu kila abiria alikuwa akifanya vivyo hivyo: kikopo kwanza, kuonja baadaye.

Tuliporudi garini nilimwomba binti yangu anifafanulie, kwa lugha ya mtu asiyesoma udaktari, chumvi inahusiana vipi na mishipa ya damu.

"Baba, damu huzunguka mwilini kwa kusukumwa na moyo," alianza. "Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa moyo unapopiga. Namba ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikiwa 120 kwa 80 au chini kidogo, ni vizuri. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikaonekana hivyo siku tofauti, hiyo ni presha ya juu."

Akaendelea kunieleza kwamba chumvi huvuta maji. Mtu akila chumvi nyingi, mwili huzuia maji ili kuizimua, damu huongezeka wingi, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa chumvi hiyo kwa njia ya mkojo, lakini zikizidiwa mwaka baada ya mwaka, presha hupanda na mishipa hukakamaa. Madini ya potasiamu, yaliyo katika ndizi, maharagwe, viazi na mboga za majani, huzisaidia figo kuitoa chumvi. Kwa hiyo mtu anayeongeza chumvi na kupunguza mboga anajiumiza mara mbili.

Hapo nikaanza kuwaza maisha ya Morani langoni. Saa kumi na mbili za usiku juu ya kiti. Chakula chake kilikuwa mkate na chai, soseji za barabarani, tambi za pakiti, au ugali kwa supu ya mifupa iliyokolezwa chumvi. Mchana alilala, au tuseme alijaribu kulala, katika chumba cha mabati chenye joto na makelele. Yule kijana mwembamba alikuwa amegeuka mtu mnene, na sisi wapangaji tukimpongeza kwamba Nairobi imemkubali!

WASAMBURU WALIOKWENDA JESHINI

Swali langu la asubuhi, kumbe, si geni. Liliulizwa na madaktari katika nchi hii hii karibu miaka mia moja iliyopita.

Mnamo 1929, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison aliandika katika jarida la The Lancet la London kuhusu kazi yake hospitalini Kavirondo Kusini, eneo ambalo leo ni sehemu ya Kisii na Nyanza Kusini. Alisema kwamba kwa miaka miwili, kati ya wagonjwa wa Kiafrika wapatao 1,800 waliolazwa, hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya juu. Alipopima watu wazima wa vijijini, aliona pia kwamba presha yao haikupanda kadiri umri ulivyosonga, tofauti na Wazungu kwao.

Rahisi mno kuyasoma maneno hayo na kuhitimisha kwamba Mwafrika ana kinga ya kuzaliwa. Lakini hebu tuwafuate Wasamburu wenyewe.

Katika miaka ya 1960, Profesa A. G. Shaper, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, pamoja na wenzake walifika Samburu kuchunguza mioyo ya wafugaji. Walikuta watu wembamba, wenye kuishi kwa maziwa, na wakati mwingine nyama na damu. Chumvi waliyoipata ilikuwa kidogo. Presha za vijana na za wazee hazikuachana sana.

Kisha wakawapima Wasamburu waliokuwa wameingia jeshini. Hawa walikuwa vijana wa damu ile ile, wa mbuga ile ile, tena wenye afya njema na mazoezi ya kila siku. Kitu kilichobadilika ni maisha: kambi, ratiba, na chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi kuliko walivyozoea nyumbani. Baada ya kukaa jeshini, presha zao zilianza kupanda kupita zile za wenzao waliobaki na ng'ombe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1969 katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki.

Ushahidi wa pili unatugusa zaidi sisi wakazi wa Nairobi. Katika miaka ya 1980, Neil Poulter na watafiti wenzake waliwafuatilia vijana Waluo wa umri wa miaka 15 hadi 34, kutoka vijiji vilivyo kaskazini mwa Ziwa Victoria, waliokuwa wamehamia Nairobi kutafuta maisha. Walipimwa mapema iwezekanavyo baada ya kufika, kisha tena na tena kwa muda wa miaka miwili. Vijana wa rika lao waliosalia vijijini walipimwa pia. Habari hizo zilitolewa mwaka wa 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza.

Waliogundua nini? Kwamba presha za wahamiaji zilikuwa juu kuliko za wenzao wa kijijini tangu mwanzo kabisa. Mikojo yao ilionyesha wanakula chumvi zaidi na potasiamu kidogo. Uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, na hata mapigo ya moyo yalikwenda mbio zaidi. Presha haikungoja mtu azeeke Nairobi. Ilimpokea alipofika.

Hali si tofauti kaskazini zaidi. Mwaka wa 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa Waturkana zaidi ya elfu moja. Wale waliobaki vijijini, hata walioacha kuhama na mifugo, walikuwa na afya nzuri ya moyo. Waliohamia mijini ndio waliokuwa na dalili mbaya, na waliozaliwa mjini walikuwa katika hatari zaidi.

Ukijumlisha yote hayo, jibu la swali langu ni hili: kinga ile haikuwa katika damu ya kabila lolote. Ilikuwa katika namna ya kuishi, na mtu akiiacha namna hiyo, kinga hubaki nyuma.

TUNAFIKA NYUMBANI

Baada ya Rumuruti nchi hufunguka. Mashamba huisha, ukabaki mgunga, vumbi na mbuzi. Tulipita Suguta Marmar, kunakosifika kwa soko la mifugo, kisha Kisima, barabara ikaanza kupanda hadi Maralal.

Maralal ni mji wa baridi kuliko wageni wanavyodhani, umezungukwa na vilima vyenye mitarakwa. Wengi huujua kwa mashindano ya mbio za ngamia yaliyoanza mwaka wa 1990. Wanahistoria huujua kwa nyumba aliyozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1961, muda mfupi kabla ya kuachiliwa huru. Sisi hatukuwa na nafasi ya kuzuru. Tulimkodia Morani gari dogo, na baada ya saa moja ya mashimo tulifika kwenye manyatta yao.

Mama yake alikuwa wa kwanza kutoka. Ajuza huyo alimwendea mwanawe, akamshika kichwa kwa viganja viwili, akautema mate mdogo wa baraka kifuani pake, asiseme neno. Nyuma yake alisimama mke wa Morani, na watoto ambao baba yao walimzoea kwa simu na kwa likizo ya Desemba. Nami nilitazama pembeni, maana si kila jambo ni la kutazamwa na mgeni.

Jioni ilipoanza kuingia, kaka yake mkubwa alirudi na ng'ombe. Niliposikia kwamba ana zaidi ya miaka sitini sikuamini. Alikuwa mkavu kama fimbo yake, na alitembea kwa hatua ndefu zisizo na haraka. Tuliposalimiana alikishika kiganja changu laini cha mwalimu akakigeuza, akacheka. Akamgeukia ndugu yake, na kicheko kikazimika.

Usiku tuliketi karibu na moto. Binti yangu alitoa mashine yake, na kijana mmoja wa shule akawa mkalimani wetu. Kwanza alieleza masharti: mtu aketi ametulia dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono uwe juu ya kitu ukiwa usawa wa moyo, na asizungumze. Sharti la mwisho lilikuwa gumu kwa kila mtu isipokuwa Morani.

Presha ya Morani, kwa msaada wa vidonge, ilikuwa 146 kwa 92. Ya kaka yake ilikuwa 114 kwa 72. Alipimwa tena kwa kuwa binti yangu alidhani mashine imekosea, ikatoka 112. Ya mama yao, ambaye umri wake hakuna aujuaye, ilikuwa 124 kwa 70.

Ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja, kibuyu kimoja cha maziwa utotoni. Mdogo ndiye aliyeanguka. Mkubwa alilala usiku huo akikoroma, na kulipokucha alikuwa ameshaondoka na mifugo.

Nilimuuliza ajuza kama hupika kwa chumvi. Alicheka hadi akakohoa. "Chumvi ni ya ng'ombe," mkalimani alitafsiri. "Sisi tunaionja kwa maziwa yao."

Sitaki msomaji adhani nimekuja kusifu umaskini. Maisha ya kule si pepo. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulimaliza mifugo mingi kaskazini mwa Kenya, na kaka yake Morani alinihesabia kwa vidole ng'ombe waliobaki. Hospitali iko mbali, barabara ni mbovu, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa usiku yuko mikononi mwa Mungu. Morani mwenyewe hakwenda Nairobi kwa kupenda soseji. Alikwenda kwa sababu ng'ombe hawakutosha na watoto walitaka shule.

BARABARA IMEWAFUATA

Asubuhi tulitembea hadi kituo cha maduka, mwendo wa nusu saa, kununua sukari. Huko ndiko dada yao Morani anakoendesha hoteli ndogo. Ni mama mchangamfu, mnene, mcheshi, ambaye hajawahi kuishi Nairobi hata siku moja. Alitukaribisha kwa chai tamu kama asali na mandazi ya moto, na nyuma yake kwenye rafu nikaona vitu vile vile vilivyo katika duka la ploti yetu: mafuta ya kupikia, mkate, vikolezo vya pakiti, soda, tambi na chumvi.

Aliposikia habari za mashine alinyoosha mkono kwa utani. "Nipime na mimi, nione kama ningali hai."

Ilikuwa 162 kwa 98. Binti yangu akamngoja, akapima tena. 160.

Yule mama hakuwa na maumivu yoyote. Hakuumwa kichwa, hakuona kizunguzungu. Alikuwa amekaanga mandazi tangu saa kumi na moja. Ndivyo presha ilivyo, haipigi hodi. Wengi huijua siku ya kiharusi, ya moyo kushindwa kazi au ya figo kufa.

Hapo nilifahamu kwamba huna haja ya kuhama kwenda mjini, kwani mji wenyewe unaweza kukuhamia. Barabara iliyoleta dawa, shule na simu imeleta pia rafu ile. Hatuwezi kuifunga barabara, wala hakuna anayetaka ifungwe. Lakini tukipokea mzigo wake bila kuupekua, tutapokea na ugonjwa.

Serikali ilipofanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka wa 2015, ilionekana kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa maishani mwao. Ya Donnison yamepitwa na wakati.

Kabla ya kuagana tulimpeleka dada yule pamoja na Morani katika hospitali ya mjini Maralal. Dada alifunguliwa kadi yake, akaambiwa arudi kupimwa tena kabla ya kuamuliwa kuhusu dawa. Morani alipewa tarehe ya kila mwezi. Kaka yao mkubwa, aliyekuja kutusindikiza, alichukua kadi zote mbili akazifunga kwenye kitambaa anachofungia pesa za mifugo.

"Nitazikumbuka siku," alisema. "Mimi siku za chanjo ya ng'ombe sisahau. Nitasahauje za ndugu zangu?"

NA MIMI JE?

Labda msomaji umeshauliza: na huyu mwalimu aliyekuwa akiwatazama wengine wakipimwa, yeye alikuwa na ngapi?

Nilikwepa usiku wa kwanza, nikakwepa na asubuhi. Ni Morani aliyenikamata tulipokuwa tukiagana. Aliielekeza mashine kwangu kwa mkono wa kushoto na kutamka neno moja: "Mwalimu." Niliketi, nikanyamaza dakika tano, nikapimwa. Ilikuwa 158 kwa 96.

Njia nzima ya kurudi binti yangu hakunifokea. Afadhali angenifokea. Tulipofika Nyahururu tuliingia kwenye hoteli ile ile, na kikopo cha chumvi kikabaki kilipokuwa.

Wiki hiyo nilipimwa mara mbili zaidi katika zahanati iliyo karibu nasi, na daktari akathibitisha. Sasa namiliki kadi kama ya Morani. Yafuatayo ni mambo niliyofunzwa, nami nayaweka hapa kwa faida ya kila nyumba.

Kwanza, pimwa hata kama huumwi. Mtu mzima yeyote apimwe angalau mara moja kwa mwaka, hasa aliye na mzazi au ndugu mwenye presha, mnene, mwenye kisukari, mvuta sigara au mnywaji pombe. Mama mja mzito apimwe kila aendapo kliniki, kwani presha ya ujauzito huua mama na mtoto.

Pili, Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro ya kijiko kimoja cha chai, tukihesabu chumvi yote. Na chumvi nyingi hatuitii wenyewe. Imejificha katika mkate, soseji, krispi, tambi za pakiti na vikolezo. Ondoa kikopo mezani, na chakula kikolee kwa vitunguu, dhania, tangawizi na ndimu. Wiki za mwanzo utalalamika, kisha ulimi utazoea.

Tatu, rudisha mboga na matunda. Sukuma wiki, maharagwe, ndizi na viazi vitamu si chakula cha shida. Ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, maana potasiamu inaweza kumdhuru.

Nne, tembea. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, inatosha kuanzia. Wengi wetu tunaoishi mjini tunapanda gari kwa mwendo ambao kaka yake Morani angeuona ni wa kunyoosha miguu tu.

Tano, ukipewa vidonge, usiviache kwa sababu umejiona mzima. Umejiona mzima kwa sababu ya vidonge. Wala usimeze vya jirani, hata kama presha zenu zinafanana. Na ukimwona mtu uso umelegea upande mmoja, mkono umeishiwa nguvu au maneno yanamgonga, usingoje kupambazuke wala usitafute mchawi. Mkimbize hospitalini.

Juzi Morani alipiga simu. Maneno bado yanamtoka polepole, lakini sasa yanatoka yakifuatana. Aliniambia anatembea na ng'ombe hadi kisimani na kurudi, akishika fimbo kwa mkono wa kushoto. Dada yake ameanza vidonge, na rafu ya hoteli yake iko vile vile, ila mandazi sasa anakaangia wateja bila kuyaonja kila mara. Presha ya Morani mwezi huu ilikuwa 132 kwa 84.

Kisha akaniuliza yangu. Nilimtajia: 138 kwa 88.

"Bado," alisema. "Tembea, Mwalimu."

Langoni kwetu yupo askari mwingine sasa, kijana mwembamba wa miaka ishirini na ushei, aliyetoka kwao mwezi uliopita. Jioni ya kwanza nilimwona akila mkate mkavu kwa soda. Kesho yake wapangaji tulikaa tukakubaliana kwamba kila nyumba, kwa zamu, itampelekea sahani ya mboga na maharagwe. Na Jumapili, binti yangu anaporudi nyumbani, hukaa naye langoni dakika tano wakiwa wamenyamaza, mkanda umefungwa mkononi.